Sanduku la Kikundi Lina Kufuli Tatu. Simu Je?

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku la kikundi unalijua vizuri. Ni la chuma. Lina kufuli tatu. Funguo zake hushikwa na watu watatu, na watu hao hawatoki nyumba moja. Siku ya mkutano wote watatu hufika, na sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama. Hesabu husomwa kwa sauti. Hakuna anayesema kwamba utaratibu huo ni wa kutiliana mashaka. Ni kawaida yetu, nasi tumeizoea.

Sasa tazama jambo lingine. Siku hizi makatibu wengi hupiga picha kurasa za daftari la kikundi kwa simu. Hufanya hivyo kwa nia njema, maana daftari laweza kuloa, kuliwa na mchwa au kuungua moto. Simu nayo huzipeleka picha hizo katika ghala la mtandaoni. Ghala hilo lina ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo anao katibu peke yake. Pengine hata yeye hanao. Anao kijana wa duka aliyemuuzia simu.

Mimi naona jambo hili si sawa. Sisemi kwamba tuache kupiga picha daftari, wala sisemi kwamba ghala hilo ni baya. Ni zuri, na litatufaa. Nasema tuutazame ufunguo.

Kwanza tujue ghala lenyewe ni nini. Watu wa mtandao huliita wingu. Ukilisikia jina hilo utadhani picha zako zinaelea angani. Sivyo. Ziko duniani, ndani ya majengo makubwa yaliyojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Kampuni ya Google, ambayo ndiyo hutengeneza Android, ina majengo ya namna hiyo katika nchi mbalimbali. Moja liko katika mji wa Hamina, nchini Ufini. Zamani mahali hapo palikuwa kiwanda cha karatasi. Leo pana kompyuta, nazo hupozwa kwa maji ya bahari ili zisiunguzwe na joto lao wenyewe. Picha ya daftari letu imelazwa katika jengo lipi hatuambiwi. Lakini imelazwa katika jengo la mtu, juu ya mashine ya mtu, kwa masharti ya mtu. Kwa hiyo mimi napendelea kuliita ghala. Wingu halina mwenyewe. Ghala lina mwenyewe, lina mlango, na lina kufuli.

Ghala hili lina faida gani? Simu huibiwa. Simu huanguka kisimani. Kama picha zako zilikuwa ndani ya simu tu, zimekwenda na simu. Kama zilikuwa katika memori kadi, kadi nayo huharibika, tena bila kutoa taarifa. Lakini kama zilipelekwa ghalani, utachukua simu nyingine ya Android, utaandika anwani yako na neno lako la siri, na picha zako utazikuta. Daftari la miaka mitatu laweza kurudi namna hiyo.

Nafasi utakayopewa bure na Google ni GB 15. Je, hiyo ni nyingi au kidogo? Hebu tupige hesabu. Tuseme picha moja ya ukurasa ina MB 3. Daftari la kurasa 96 litachukua MB 288. Basi GB 15 zaweza kubeba madaftari kama hayo zaidi ya 50. Kikundi cha kijiji hakitazijaza upesi kwa madaftari. Kinachojaza ghala ni video. Dakika moja tu ya video ya harusi huweza kupita MB 100, yaani zaidi ya theluthi moja ya daftari zima. Tena nafasi hiyo ya GB 15 ni moja kwa vitu vyote: barua za Gmail, faili na picha. Tangu mwaka 2024 hata nakala za mazungumzo ya WhatsApp zinazowekwa huko huhesabiwa humo humo. Ghala likijaa, halipokei tena. Katibu ataendelea kupiga picha akidhani zinakwenda, kumbe zimebaki katika simu.

Kuna na gharama ya bando. Daftari la MB 288 lina uzito, na wewe ndiwe unayelipia usafiri wake. Programu ya picha ya Google inakuruhusu kuchagua zipelekwe kwa Wi-Fi tu, au hata kwa data ya simu. Pia inakuruhusu kuchagua picha zipunguzwe uzito kabla ya kwenda. Kwa kurasa za daftari picha zilizopunguzwa zinatosha kabisa, mradi maandishi yasomeke. Zisome kwanza. Picha ya hesabu isiyosomeka ni kazi bure.

Sasa turudi kwenye ufunguo.

Simu ya Android ukiiwasha mara ya kwanza hukuomba akaunti ya Google. Akaunti ni anwani na neno la siri. Hivyo viwili ndivyo ufunguo wa ghala. Na hapo ndipo makosa yanapoanza. Mnunuzi yuko dukani, watu wamejaa, gari la kurudi kijijini linataka kuondoka. Anamwambia muuzaji, "Mwanangu, hebu niwekee wewe." Kijana anaweka. Anaweka anwani anayoijua yeye, pengine ni yake mwenyewe, na neno la siri analolijua yeye. Mnunuzi anatoka dukani na simu inayofanya kazi. Amefurahi. Hajui kwamba ufunguo umebaki dukani.

Simlaumu sana kijana huyo. Mara nyingi hana nia mbaya, na kazi hiyo hakulipwa. Lakini tazama matokeo yake. Mwenye anwani na neno la siri anaweza kufungua ghala lile kwa simu nyingine, akiwa mahali pengine, akaona picha zako na majina ya watu wako wote. Anaweza kutafuta simu yako iko wapi. Anaweza hata kuifuta vitu vyote akiwa mbali. Uwezo huo uliwekwa ili kumsaidia mwenye simu iliyoibiwa. Mashine haijui nani kailipia simu. Inamjua aliye na neno la siri.

Liko na jambo la pili, ambalo huwashangaza wengi. Siku simu inagoma, fundi anaifuta yote ili ianze upya. Ikishaanza, inauliza akaunti ya zamani na neno lake la siri. Kinga hiyo imo katika simu za Android tangu mwaka 2015, ili mwizi asipate faida. Wewe si mwizi, lakini neno la siri huna. Kijana wa duka amehamia mji mwingine na namba yake haipatikani. Simu yako imekuwa kopo.

Ndugu msomaji, wakumbuke wazee wetu walipokuwa hawajui kusoma. Barua ikifika kutoka kwa mtoto aliye mbali, ilibidi wamtafute mtu wa kuisoma. Mtu huyo alijua mgonjwa ni nani, fedha zimetumwa kiasi gani, na nani ana deni. Wengine walikuwa waaminifu, wengine waliyatangaza kilabuni. Moja ya sababu zilizowapeleka watu wazima darasani ilikuwa hiyo: barua yangu niisome mwenyewe. Neno la siri la simu ni jambo lile lile. Anayekuandikia neno lako la siri amekwisha kuisoma barua yako kabla hujaipokea.

Nawe umekwisha kujua kusoma. Simu ya Android yaweza kuwekwa kwa Kiswahili, nayo itakuuliza maswali yake kwa Kiswahili. Kiswahili chake kina maneno mageni, lakini kinasomeka. Kaa chini, usiwe na haraka. Fungua mahali pa mipangilio, tafuta palipoandikwa Google, usome anwani iliyoko pale. Ni yako? Kama ni yako, je, neno la siri unalo? Kama ni ya mtu mwingine, mtafute sasa wakati anapatikana. Muwe pamoja, aiondoe akaunti yake katika simu, nawe ufungue ya kwako. Lakini kabla ya kuiondoa, hakikisha picha zilizo katika ghala lake zimeshushwa kwanza, ama sivyo zitabaki kwake.

Neno la siri liweje? Lisiwe mwaka wa kuzaliwa, wala namba ya simu, wala 123456. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyo rahisi kwako, uyaunganishe. Herufi nyingi ndizo nguvu yake. Wako wataalamu wanaokataza kabisa kuliandika popote. Mimi sikubaliani nao. Ushauri huo unamfaa mtu anayeandika neno hilo kila siku. Mkulima ataliandika mara moja, kisha baada ya mwaka mzima atatakiwa alikumbuke. Liandike katika daftari, ulifungie sandukuni nyumbani, pamoja na hati zako za shamba. Mwizi wa Ulaya hatakuja kupekua sanduku lako. Lakini usiliandike nyuma ya simu! Na namba ya simu unayoiandikisha kwa ajili ya kurudishiwa akaunti iwe ya laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, si ya shemeji.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Ya kikundi yana uzito zaidi, maana ni mali ya watu wengi.

Katika ghala la Google faili ina mwenyewe, naye ni akaunti iliyoiweka. Katibu akiweka daftari la kikundi katika akaunti yake, mbele ya mashine daftari hilo ni lake. Anaweza kuwaonyesha wengine leo, na kesho akawafungia. Akigombana na mwenyekiti, ataondoka nalo. Akifariki, Mungu aepushe mbali, hakuna atakayejua neno la siri. Na akaunti ikikaa miaka miwili bila kufunguliwa, Google huweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Utaratibu huo ulianza kutumika Desemba 2023. Huko hakuna mkutano mkuu utakaoitishwa kwanza.

Watu wengine husema, "Katibu wetu ni mwaminifu, tumemjua tangu utoto." Ni kweli, na ndiyo sababu mlimchagua. Lakini mweka hazina naye ni mwaminifu, na bado sanduku lina kufuli tatu. Kufuli tatu humlinda pia yeye. Fedha zikipungua, hakuna atakayemnyooshea kidole peke yake. Katibu mwenye ufunguo wa peke yake hana kinga hiyo. Picha moja ikipotea kwa bahati mbaya, watu watasema ameificha.

Kwa hiyo kikundi kifungue akaunti yake chenyewe, kwa jina la kikundi. Neno la siri liandikwe katika karatasi, karatasi itiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa ndani ya sanduku la chuma. Hapo litalindwa na kufuli zile zile tatu. Kisha iko njia ya kuongeza kufuli ya pili katika akaunti. Mtu akitaka kuifungua katika simu ngeni, neno la siri halitoshi. Google huweza kutuma namba kwa ujumbe mfupi, nayo huandikwa kabla mlango haujafunguka. Ujumbe huo uende kwa simu ya mweka hazina, si ya katibu. Basi simu mpya ikitaka kuingia kwa njia hiyo, wote wawili watajua. Siku katibu anapobadilishwa, fungueni orodha ya simu zote ambamo akaunti imefunguliwa, mkaitoe ile ya zamani, mkabadilishe na neno la siri. Wengi husahau jambo hili. Funguo za sanduku hukabidhiwa kwa sherehe, lakini simu ya katibu wa zamani inaendelea kusoma kila kitu.

Tuje kwenye kushirikiana faili. Hapa napo pana ubishi. Faili iliyo ghalani unaweza kumpa mtu mwingine kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumtaja kwa anwani yake: fulani na fulani waone, mwingine yeyote asione. Njia ya pili ni kutoa linki, yaani anwani ya faili yenyewe, na kuruhusu kila mwenye linki afungue. Njia ya pili ni rahisi sana. Unaitupa katika kundi la WhatsApp, kazi imekwisha. Na wapo wanaosema kwamba hesabu za kikundi ni za wazi, kwa hiyo linki iwe wazi.

Ndiyo, hesabu ziwe wazi, lakini kwa wanachama. Mama aliyekopa ili amlipie mtoto ada hakukubali kwamba deni lake lisomwe na watu wa wilaya nyingine. Linki ikishatumwa katika kundi, mmoja ataituma kundi lingine, na huwezi kuifuata. Mbaya zaidi ni pale faili inapokuwa na picha za vitambulisho vya NIDA, namba za simu na sahihi za watu. Tapeli hahitaji zaidi ya hayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la mtu, namba yake na kitambulisho chake si vitu vya kutawanywa ovyo.

Tena kuna tofauti ya kuona na kurekebisha. Unapompa mtu faili, unaamua kama atasoma tu au kama anaweza kuibadili. Wanachama wasome. Wanaobadili wawe wawili, au watatu, kwa majina. Hesabu zikiandikwa katika jedwali la Google, badala ya picha, jedwali hilo huweka kumbukumbu ya mabadiliko: nani alibadili nini, tarehe gani, saa ngapi. Ukurasa wa daftari waweza kuchanwa. Mistari ya jedwali hilo ikifutwa huonekana, na ya zamani yaweza kurudishwa. Ni jambo zuri kwelikweli. Lakini kama mmeruhusu kila mwenye linki abadilishe, huenda mtu akabadili hesabu na asitajwe kwa jina. Mtajua kwamba hesabu imebadilishwa, lakini hamtajua ni nani aliyeibadili.

Kama mnakaa kijiji kimoja, si lazima kila kitu kipite Ufini. Simu mbili za Android zilizo karibu hupeana faili zenyewe kwa zenyewe kwa njia inayoitwa Quick Share. Haitumii bando. Zinasemezana kwa Bluetooth na Wi-Fi yake yenyewe, hata pasipo na intaneti. Mkutano unapokwisha, katibu anaweza kuwapa wajumbe wawili picha za kurasa za siku hiyo wakiwa bado wamekaa chini ya mwembe. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, maana nakala inabaki mikononi mwa watu watatu tofauti kabla hata ya kufika ghalani. Wajumbe hao nao ni watunza siri, wasiitume mbele.

Je, daftari la karatasi litupwe? Hata kidogo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikawa hafifu sana Tanzania, Kenya na kwingineko. Siku kama hiyo picha ziko salama huko ghalani, lakini wewe huzipati. Mwanachama aliyekuja kulipa deni lake ataambiwa arudi wiki ijayo? Daftari halihitaji nyaya. Liandikwe kwa kalamu ya wino, lisainiwe, kisha lipigwe picha. Wala simu ya katibu isitumike kama kisingizio cha kutosoma hesabu kwa sauti. Wako wanachama wasio na simu janja, na wako ambao bado wanajifunza kusoma. Sauti ya katibu ndiyo inayowafikia.

Katika mkutano wenu ujao, kabla kufuli ya kwanza haijafunguliwa, mtu mmoja asimame aulize: picha za daftari letu ziko katika akaunti ya nani, na neno la siri analo nani? Aulize kwa heshima, bila kumtazama katibu kwa jicho baya. Jibu likiwa "sijui", basi hiyo ndiyo ajenda ya kwanza. Bahasha hununuliwa dukani kwa bei ndogo, na kufungua akaunti ni bure. Itawachukua muda usiozidi saa moja, mkiwa na simu moja yenye chaji na mtu wa kusoma maswali kwa sauti.